Kuzunguka Mlima na Mama

"Basi nipite wapi, juu ya paa?" Mama Redio alikuwa amefikia hapo, mikono kiunoni, toroli lake mbele yake limejaa mashuka hadi usawa wa kidevu. "Niambie, Sista. Niote mbawa?"

"Wewe ukiota mbawa mtaa mzima tutakoma," Sista akamjibu kutoka kizingitini. "Huna mbawa, na bado habari ya mtu unaifikisha bandarini kabla mwenyewe hajanawa uso."

"Ulimi wangu uache upumzike. Ongelea gari. Gari la mdogo wako limeziba kichochoro tangu alfajiri, na mimi nina mashuka ya nyumba mbili za wageni yanangojwa. Kama mnahama, hameni! Lakini msinifungie njia."

"Nani anahama?"

Mama Redio akafunga mdomo. Majirani wawili waliokuwa wakisikiliza huku wanajifanya wanapiga mswaki wakaacha kupiga mswaki, maana kwa mwanamke yule kufunga mdomo ilikuwa habari kubwa kuliko zote alizowahi kutangaza. Akamtupia jicho mdogo wake Sista, aliyekuwa anafuta kioo cha gari kilichokwisha kung'aa, kisha akainamia toroli lake.

"Nimesema tu," akasema. "Mdomo umeteleza."

"Tunakwenda kutembea. Tunazunguka mlima, jioni tumerudi. Au kutembea nako kuna kibali chako?"

"Mtembee salama, jirani yangu." Sauti ilikuwa ya upole, na upole ule ulimshtua Sista kuliko matusi. "Bi mkubwa mumfunike miguu. Upepo wa kule juu si mzuri."

Gari likasogezwa, toroli likapita, na Sista akabaki amesimama na ushindi asioujua ameupataje.

Sista hakuwa sista. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wanaume, huu ukiwa mwaka wake wa ishirini na sita: kupiga deki, kubadili mashuka, kumwaga kinachostahili kumwagwa, kumshika mkono anayekata roho wakati ndugu zake wameshuka kununua soda. Cheo cha sista alipewa na mtaa, naye hakukirudisha. Hata madaktari vijana, wakihangaika kuupata mshipa wa mgonjwa, walimvuta pembeni wamuulize. Na kazi ile, jamani, si aproni useme utaivua getini. Sista alirudi nayo nyumbani kila siku.

Nyumbani palikuwa na mgonjwa mmoja tu, mama yake, mwenye presha na sukari na miaka sabini na minne. Dawa zake zilipangwa kwenye trei ya mayai, kila tundu na siku yake na saa yake, na majina ya siku yakaandikwa kwa kalamu nyekundu. Ukutani palikuwa na karatasi ya vipimo. Chumvi ilifichwa. Wageni waliruhusiwa kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja, na ikifika saa kumi na moja Sista alianza kufagia miguuni mwao. Wale madereva wazee waliokuwa wakija kumsalimu Mama wakapungua mmoja mmoja, kama meno.

Jikoni kulikuwa na kufuli. Miaka minne nyuma Mama alisahau sufuria motoni, mafuta yakashika, pazia likashika, na mkono wake wa kulia ukapata kovu linalong'aa hadi leo. Tangu siku hiyo Sista akienda kazini alifunga jiko kama watu wanavyofunga duka. Mama hakugusa tena kijiko isipokuwa cha kulia. Na huyu Mama, ujue, ndiye aliyewalisha madereva na wavunja mawe wa kisiwa kizima kwa miaka thelathini, kwenye kibanda cha bati pale njiapanda, mtu mmoja na masufuria manane. Walikuwa wakisema lori likifika njiapanda husimama lenyewe.

Miezi mitatu kabla ya siku hiyo, mdogo wake Sista alimaliza kujenga upande wa pili wa mlima. Alikuwa dereva wa watalii, na kwa ajili ya kazi yake watu walimwita Kushoto Kwenu. Akaja kwa adabu zote, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akasema anaomba Mama akakae kwake.

"Mama haondoki hapa," Sista akamwambia. "Nikikupa wewe, wiki ya pili nitampokea wodini kwangu juu ya machela. Wewe sukari unajua ni ile ya chai tu."

"Dada, tumuulize mwenyewe."

"Mgonjwa haulizwi."

Kushoto alitoka bila kumaliza chai. Yaliyomuuma Sista baada ya mlango kufungwa hakumwambia mtu. Mume alikuwa ameshaondoka zamani na mwanamke mwingine, mtoto hakujaliwa. Bila Mama, nyumba ile ingekuwa kuta nne na mwanamke mmoja anayesemezana na sufuria. Hilo ndilo alilokuwa analilinda. Kila mara alipolikaribia moyoni alilivika nguo ya dawa na presha, likaonekana la heshima.

Kwa hiyo Kushoto aliporudi akiwa na shauri la kuupatanisha ukoo, kwamba Jumapili wampandishe Mama gari wazunguke mlima, maana hajauzunguka tangu Baba yuko hai, Sista alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, kabla ya saa kumi na mbili jioni Mama awe kitandani kwake. La pili, wakifika kwa Kushoto hakuna kushuka.

"Utapiga honi, tutapita," Sista alisema. "Apa."

Kushoto akaapa.

*

Mama alikaa mbele kando ya dereva, amejitanda khanga mpya, mkoba mapajani ameukumbatia kwa mikono miwili. Sista na wifi yake walikaa nyuma.

"Wifi, umekaa vizuri?" wifi akauliza. "Nikufungulie dirisha, wifi? Wifi, kuna maji baridi."

"Niko sawa."

"Au jua linakupiga, wifi?"

Wifi huyu kwa kawaida salamu alikuwa akizitoa kwa kipimo. Sista akamwangalia kwa pembe ya jicho. Adabu ile ilikuwa na harufu.

Wakaupita uwanja wa mpira, kiwanda cha barafu, na nyumba za mwisho, barabara ikaanza kuinama na kuinuka. Kushoto akakohoa kidogo, akageuza sauti ikawa ya kazini.

"Kushoto kwenu, mabibi na mabwana, mnauona mto wa mawe. Mlima ulipotapika, moto ulishuka kuanzia kule juu mpaka baharini, ukala mashamba mia mbili na shule moja. Wanafunzi walisikitikia mashamba."

Mama akacheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, akampiga mwanawe kofi la bega. Watalii wa kisiwa kizima walikuwa wamekwisha kuusikia mzaha ule, yeye peke yake alikuwa bado.

"Mama, taratibu," Sista akasema kutoka nyuma. "Presha."

Kicheko kikakatika kama bomba lililofungwa. Wifi akatazama dirishani.

Kwa kweli palikuwa pa kutazamwa. Mawe yalikuwa meusi, yamejikunja na kujisokota kama unga uliokandwa ukaachwa, na katikati yake barabara imepita kama wembe. Hapa na pale bati la paa lilichomoza kutoka kwenye jiwe, nyumba imezama hadi shingoni. Katika nyufa vijani vidogo vimejiotea, vyembamba, vyenye ubishi. Upande wa chini bahari ilipiga weusi ule ikarudi nyeupe.

"Hapa," Mama akasema, "hapa pote nilileta chakula. Wakati wanaikata hii barabara mawe yalikuwa bado ya moto, viatu vya watu vinayeyuka. Nikaona mbona nahangaika na kuni? Nikatafuta ufa unaotoa mvuke, nikaweka sufuria ya maharage juu, nikafunika kwa gunia. Baada ya saa mbili yameiva yenyewe. Msimamizi wao akaniuliza, mama, jiko lako liko wapi? Nikamwonyesha mlima."

"Alisemaje?" wifi akauliza.

"Alisemaje? Alileta posa."

Gari zima likalipuka, hata Sista likamtoka tabasamu kabla hajalishika. Hadithi ile hakuwahi kuisikia. Miaka minne wamekaa na mama yake wawili, jioni baada ya jioni, na hadithi ile haikutoka. Akataka kuuliza huyo msimamizi aliishia wapi. Kilichomtoka mdomoni kikawa, "Mama, usiongee sana kabla ya dawa ya mchana."

"Haya, Sista," Mama akasema. Naye alimwita hivyo, kama mtaa.

*

Saa sita walifika juu, pale penye ukuta wa mawe ambapo watu husimama kulitazama shimo la mlima. Chini kabisa ndani ya shimo kulikuwa na ziwa la kijani, kijani kisicho cha majani wala cha rangi ya dukani, na mvuke ukitoka kwenye kuta zake kama chungu kisichofunikwa vizuri. Harufu ya viberiti ilikamata koo. Kushoto na wifi walimshika Mama kila mmoja mkono wake, wakamsogeza ukutani.

"Asiinamie!" Sista akapaza sauti. "Kizunguzungu!"

Alikuwa amebaki garini, maana ilikuwa saa ya dawa. Asubuhi alikuwa ameandaa bahasha ndogo ya dozi mbili, ya mchana na ya jioni, akampa Mama aitie mkobani. Akaufungua mkoba.

Bahasha ilikuwepo. Chini yake palikuwa na vitu vingine.

Kwanza ilikuwa kadi ya kliniki. Ile kadi ya bluu iliyokunjwa mara tatu, ambayo huondoka nyumbani mara moja kwa mwezi tu. Kisha miwani ya akiba. Kisha picha ya Baba, imetolewa kwenye fremu. Na chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, dawa: za mwezi mzima, akiba yote ya kabatini inayongoja zamu ya kuingia kwenye trei.

Wazo lake la kwanza lilikuwa Kushoto. Mwizi! Damu ikampanda masikioni, akashika mlango wa gari ashuke amrukie. Ndipo alipoona jinsi dawa zilivyofungwa. Kila dozi ilikuwa ndani ya kipande cha gazeti kilichosokotwa kikawa pembe tatu, ncha imekunjwa ndani. Kushoto asingeweza kufunga vile hata kwa mtutu wa bunduki. Kuna mikono miwili tu kisiwani iliyofunga vile, miaka thelathini, chumvi na pilipili za madereva kuondoka nazo.

Mama alikuwa amekaa kitandani, labda usiku wa kuamkia jana wakati yeye yuko zamu, akazifunga dawa zake moja moja. Na alizipanga bila kosa. Sista akazihesabu, maana mkono wake haukujua kufanya kitu kingine: asubuhi, mchana, jioni, asubuhi, mchana, jioni. Hakuna iliyopungua. Mgonjwa asiyeulizwa alikuwa ameijua trei yote kwa kichwa.

Mtu haendi kutembea na kadi ya kliniki.

Akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Akatoa kidonge cha mchana, akachukua chupa ya maji, akatembea hadi ukutani.

"Mama, dawa."

"Ahsante, mwanangu." Mama akameza. Akautazama mkoba ulioning'inia mkononi mwa Sista, akamtazama Sista mwenyewe, kisha akageukia ziwa.  Wifi akadakia.

"Rangi yake nzuri, eti wifi?"

"Inaua," Sista akasema. "Samaki hata mmoja haishi mle."

*

Kuanzia pale safari ikaingia mchanga. Walishuka upande wa pili wa mlima kwenye miti mirefu, wakapita maporomoko, wakasimama kwenye ufuko wa mchanga mweusi, Mama akavua viatu na kutia nyayo zake kwenye vuguvugu. Sista alikuwa na "utateleza" mdomoni, akaimeza. Tangu kule juu alikuwa anaimeza, pamoja na mengine.

Walipopanda tena garini, akaona bora apasue jipu.

"Wifi, nyumba yenu ina vyumba vingapi vile?"

"Vitatu, wifi."

"Kimoja chenu."

"Ndiyo."

"Cha pili cha wageni."

"Ndiyo, wifi."

"Na cha tatu?"

Wifi akatafuta kitu kwenye kucha zake. "Cha... vitu."

"Vitu gani?"

"Kulia kwenu," Kushoto akadakia kwa nguvu, "mnauona mwamba wenye umbo la..."

"Wewe maisha yako yote ni kushoto," Sista akamkata, "leo hiyo kulia imetoka wapi?"

 Gari likaenda kilomita tatu nne. Kwenye kioo cha juu macho ya Kushoto yalikutana na ya dada yake mara moja, yakakimbia.

Nyumba ikatokea baada ya kona: ya matofali, haijapakwa rangi, bati jipya linawaka jua, veranda pana inayotazama barabara. Mbele yake palikuwa na uwanda wa changarawe nyeusi mkubwa kiasi cha kuegesha lori. Sista akakaza vidole kwenye kiti cha mbele.

"Piga honi," akasema. "Pita."

Na Kushoto, Mungu ni shahidi, akapiga honi, akapita. Mikono yake ilikuwa imekaza usukani, lakini alipita. Nyumba ikarudi nyuma. Sista akashusha pumzi aliyokuwa nayo tangu saa sita.

"Simamisha," Mama akasema.

"Mama, nilimwapia dada."

"Wewe uliapa. Mimi sikuapa. Simamisha gari, au nimtafute konda akugongee bati?"

Gari likasimama kando ya barabara. Mama akafungua mlango mwenyewe, akashusha mguu mmoja, wa pili ukafuata, akasimama kwenye changarawe ameshika mlango. Sista alikuwa ameshafika mbele yake.

"Nimekukosea nini?" akauliza. Alikusudia iwe kali, ikatoka kama ya mtoto.

"Hujanikosea. Ungenikosea ingekuwa rahisi, tungegombana, tungepatana."

"Nani anakuogesha? Nani anaamka saa tisa kukupima? Huyu?" Alimnyooshea kidole Kushoto, ambaye alikuwa anatazama matairi. "Huyu anajua hata ni mguu gani unaokufa ganzi?"

"Hajui. Nitamwambia."

"Mama, utakufa huku!"

"Na kule kwako nitaishi milele?" Mama akasema, bila ukali. "Sikiliza. Wodini kwako, mtu akipata nafuu si anapewa ruhusa? Anavaa nguo zake, anakwenda kwao, hata kama hajapona vizuri. Mimi umenilaza miaka minne, Sista. Nina kitanda, nina karatasi ukutani, nina saa za kuonwa. Wenzangu wote wameruhusiwa. Nikangoja, nikasema labda kesho daktari atapita. Daktari hapiti. Basi nimejiruhusu."

"Nilifunga jiko kwa sababu uliungua."

"Niliungua. Tazama." Akaiinua mikono yote miwili, migongo juu. "Kovu hili la mkono wa kulia ndilo lako, unalijua. Haya mengine saba huyajui, maana hukuyafunga bendeji wewe. Niliungua, nikapaka asali, nikaendelea kupakua."

Sista akayatazama makovu. Alikuwa ameipaka mikono ile mafuta kila usiku. Aliyahesabu kama madoa ya uzee.

"Nguo zako ziko nyumbani," akasema, ameshika neno hilo kama mtu anayeshika ukingo. "Hukuja na nguo."

Mama akatazama chini.

"Zimekuja juzi," wifi akasema polepole. "Zilitoka chini ya mashuka, wifi. Kwenye toroli."

Ndipo asubuhi yote ikajipanga upya kichwani mwa Sista: toroli, mswaki uliosimama midomoni, upole wa jirani. Kichochoro kizima kilijua. Wamempigia hodi, wamemsalimia, wameazima kwake chumvi aliyokuwa anaificha, na wote walijua. Yeye peke yake, aliyekuwa na funguo zote, ndiye hakujua.

"Na mimi?" akauliza.

 Jibu la ruhusa Mama alikuwa amelipika siku nyingi, lilionekana. Hili lilimkuta mikono mitupu. 

"Utakuja," akasema hatimaye. "Utakuja wakati wowote. Kwa Kushoto hakuna saa za wageni."

Hakulisema kwa kuchoma. Ndiyo maana lilichoma mpaka mfupani. Mama akajitanda khanga yake vizuri, akachukua mkoba kutoka mkononi mwa Sista, akamshika wifi bega, na wawili hao wakaanza kuirudia nyumba kwa miguu, taratibu, wakisimama kila hatua kumi. Sista akazihesabu. Mguu wa kushoto ndio uliokuwa unaburuta.

*

"Nikurudishe, dada?" Kushoto akauliza.

"Nirudishe."

Akaligeuza gari, lakini alipofika mbele ya nyumba akaliegesha kwenye changarawe na kuzima. Alisema anaacha injini ipoe kidogo. Sista alijua injini haikuhitaji kupozwa. Alikaa kiti chake cha nyuma, mlango umefungwa, kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Kushoto akachuchumaa kando ya tairi. Mara moja aliinua uso.

"Alinililia, dada. Kwa simu. Mama yetu, unamjua, hakulia hata siku ya kumzika Baba."

"Usiniambie."

Akarudisha macho kwenye tairi.

Kutoka ndani kulisikika masufuria. Kwanza moja, kisha mengi, kelele za chuma kwa chuma zisizo na haraka. Kisu juu ya ubao. Kila mlio ulimwinua Sista nusu kutoka kwenye kiti: hapo ameshika kisu, hapo ameinua sufuria ya maji, hapo anawasha. Mwili wake ulikuwa umezoea kukimbia kabla kengele haijalia. Akangoja ukelele. Aliona aibu baadaye, lakini kwa dakika ile, na asiseme uongo mbele ya nafsi yake, aliutaka. Ukelele mmoja tu, mdogo, wa malengelenge, ili wote wageuke wamtafute kwa macho.

Kilichokuja kilikuwa harufu ya vitunguu vinavyogeuka rangi kwenye mafuta. Ikatoka dirishani, ikavuka veranda, ikaingia garini kupitia ufa wa kioo. Sista alikuwa na miaka hamsini na moja, na harufu ile ilimrudisha chini ya meza ya kibanda, kati ya viatu vya madereva, akiwa na bakuli lake. Machozi yakamtoka bila ruhusa ya mtu.

Lori lililobeba mchanga likapita, likapunguza mwendo, likarudi kinyumenyume. Dereva mzee, ndevu nyeupe, akachungulia.

"Hebu! Hiyo harufu naijua mimi. Yupo?"

"Yupo," Kushoto akajibu.

"Walisema mgonjwa, hatoki."

"Walisema."

Mzee akazima lori palepale, akashuka akijipangusa mikono kwenye suruali, akaingia ndani bila hodi. Kicheko kikalipuka kule ndani, kirefu, mabega na yote, na safari hii hapakuwa na mtu wa kukifunga.

Kisha Mama akatoka verandani. Khanga ilikuwa kiunoni, mikono imelowa, paji la uso linang'aa kwa joto la jiko. Alikuwa anahema. Sista aliona anahema, akajua kwa kuona tu kwamba presha imepanda, na akajua pia kwamba hajamwona mama yake amesimama wima hivyo kwa miaka minne.

Mama akalisogelea gari, akagonga kioo kwa kifundo cha kidole.

Maisha yake yote Sista hakuwahi kukaribishwa na mwanamke huyu. Mtoto wa nyumba hakaribishwi. Huingia, hufunua sufuria, hugombezwa. Neno lile lilikuwa la madereva, la majirani, la watu wanaokula wakaondoka. Akateremsha kioo.

"Karibu," Mama akasema, sauti yake ileile ya njiapanda, pana, ya watu wote. "Karibu ndani, mwanangu. Nawa mikono, uje ule."